Wapiga Mishale Elfu Thelathini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliojipanga ukutani kwa kukosa viti, poleni. Nitajitahidi nisiwachoshe miguu.

Mwombe mtu akusimulie habari za Wagiriki na Waajemi wa kale. Ataanzia Marathon mwaka 490 KK, atakupitisha Salamis mwaka 480, ambako merikebu za Xerxes, mfalme wa Uajemi, zilikwenda chini, kisha ataruka hadi kwa Alexander Mkuu na kukuambia kwamba dola ya Uajemi ilikuwa kubwa lakini imeoza, inangoja tu mtu wa kuisukuma. Kati ya Salamis na Alexander ipo miaka karibu 150. Humo katikati amekaa mfalme ambaye leo nimekuja kumtetea: Artaxerxes wa Pili, aliyetawala tangu 404 hadi 358 KK, miaka 46, muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa ukoo wake. Wasomaji wa Biblia mnalijua jina hilo kama Artashasta. Yule wa Nehemia kwa kawaida huhesabiwa kuwa babu yake.

Waandishi wa Kigiriki hawakumpa heshima huyu bwana. Walimchora kama mtu mpole kupita kiasi, wa kuendeshwa na mama yake, mfalme ambaye mamluki wa Kigiriki zaidi ya 10,000 walipenya hadi jirani na Babeli na wengi wao wakatoka hai. Mimi nasema huyu huyu ndiye aliyepata kwa sarafu kile ambacho Xerxes, baba wa babu yake, alikikosa kwa jeshi na merikebu. Aliwaketisha Wagiriki chini, akawasomea masharti, nao wakaapa kuyashika. Na safari ya kufika hapo ilianza na ugomvi wa ndugu wawili wa tumbo moja.

Lakini tuitazame kwanza dola yenyewe. Aliyeianzisha ni Cyrus Mkuu, yule Koreshi wa Isaya na Ezra. Aliwashinda Wamedi mnamo 550 KK, akatwaa Sardis, mji mkuu wa Lydia, miaka michache baadaye, akaingia Babeli mwaka 539. Mwanawe Cambyses akaongeza Misri mwaka 525. Darius wa Kwanza ndiye aliyeipanga ikakaa sawa: majimbo, kila jimbo na liwali wake, kila liwali na kiasi chake cha kodi, na barabara ya kifalme kutoka Sardis hadi Susa, mji wa mfalme, yenye vituo 111 kwa hesabu ya Herodotus, mwanahistoria Mgiriki. Nehemia alipopewa ruhusa ya kwenda Yerusalemu, kumbukeni aliomba nini: barua kwa maliwali walio ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa mtunza msitu wa mfalme apewe miti. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta Persepolis, mwaka 1933 na 1934, maelfu ya vibao vya udongo vilivyoandikwa zamani za Darius: nani kapewa shayiri kiasi gani, msafiri gani kapewa unga na mvinyo njiani, mama gani aliyejifungua kaongezewa posho. Dola hiyo ilikuwa na makarani. Mtu akikuambia iliendeshwa kwa mijeledi peke yake, mwulize mijeledi gani inaweza kuandika stakabadhi.

Sasa twende Sardis, mwaka 407 KK. Athens na Sparta, miji miwili mikubwa ya Kigiriki, wamekuwa vitani tangu 431. Sparta ina askari bora wa nchi kavu. Athens ina bahari. Darius wa Pili, mfalme wa Uajemi wakati huo, amemtuma mwanawe mdogo, naye anaitwa Cyrus, kijana wa miaka kama kumi na sita, asimamie mambo ya magharibi. Kijana amekuja na talanta 500 na maagizo ya kuisaidia Sparta. Anamwambia Lysander, amiri wa merikebu za Sparta, kwamba fedha hizo zikiisha atatumia zake mwenyewe, na zake zikiisha atakivunja kiti cha enzi alichokalia, ambacho ni cha fedha na dhahabu.

Maneno matamu. Lysander akaomba wapiga makasia walipwe drakhma nzima kwa siku, yaani oboli sita. Cyrus akajibu kwamba mkataba wa baba yake unasema mina 30 kwa mwezi kwa kila merikebu, basi. Lysander akanyamaza. Baada ya chakula cha jioni, Cyrus akainua kikombe kumtakia afya, akamwuliza: nikufanyie jambo gani litakalokufurahisha zaidi? Lysander akasema: uongeze oboli moja katika ujira wa kila baharia.

Oboli moja! Hebu tupige hesabu pamoja. Merikebu moja ya vita ilibeba watu kama 200. Oboli tatu kwa siku, mara watu 200, mara siku 30, unapata oboli 18,000, yaani drakhma 3,000, ambazo ndizo mina 30 za mkataba. Ukiongeza oboli moja, kila merikebu inadai drakhma 1,000 zaidi kwa mwezi. Lysander alikuwa na merikebu 90 Efeso. Hizo ni drakhma 90,000, au talanta 15 kila mwezi, na talanta moja ya Athens ni kilo 26 hivi za fedha. Kwa mtoto wa mfalme, hilo ni tone. Kwa Athens, ambayo hazina yake ilikuwa imekauka, ni msiba, kwa sababu mpiga makasia wa kukodiwa huenda anakolipwa vizuri. Cyrus alikubali, akalipa na malimbikizo, na mwezi mmoja mbele. Miaka miwili baadaye Lysander aliikamata karibu merikebu zote za Athens ufukweni Aegospotami. Mwaka 404 Athens ikasalimu amri, na kuta zake ndefu zikabomolewa huku wasichana wakipiga zumari.

Hayo ndiyo tunayoyaita ushindi wa Sparta.

Mwaka huo huo Darius wa Pili akafariki. Mkubwa, Artaxerxes, akarithi. Mama yao, Parysatis, alimpenda zaidi Cyrus na hakujificha. Mabingwa wa hoja wa upande wa Cyrus walisema yeye alizaliwa baba akiwa tayari mfalme, ilhali kaka yake alizaliwa baba akiwa mtu wa kawaida wa ukoo. Hoja hiyo ilikuwa imetumika zamani kumpatia Xerxes kiti, kwa hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ikasemekana kwamba Cyrus alipanga kumwua kaka yake kwenye sherehe ya kutawazwa huko Pasargadae. Mshitaki alikuwa liwali Tissaphernes, aliyenyang'anywa madaraka Cyrus alipotumwa magharibi, basi pimeni wenyewe uzito wa ushahidi wake. Mama akaingilia kati. Artaxerxes akamsamehe mdogo wake na kumrudisha Sardis.

Hapo ndipo wengi wanapomwita mjinga. Pengine ni kweli. Wafalme wa ukoo ule wengine wasingemwacha ndugu kama huyo apate hata nafasi ya kufunga mizigo.

Cyrus akaanza kukusanya mamluki wa Kigiriki kimyakimya, huku kikosi hiki akikipa kisingizio hiki, na kile akikipa kingine. Mwaka 401 akaondoka Sardis. Aliwaambia askari wanakwenda kuwaadhibu Wapisidia, kabila la milimani lenye kusumbua majirani. Xenophon wa Athens alikuwamo katika msafara huo na ndiye aliyetuachia habari zake, na anachokitaja mara kwa mara ni mshahara. Walipofika uwanda wa Caystrus walikuwa wanadai zaidi ya miezi mitatu, wakawa wanakwenda mlangoni kwa Cyrus kila mara kudai, naye anawapa matumaini huku uso umemshuka, kwa kuwa, anasema Xenophon, haikuwa tabia yake kunyima akiwa nacho. Akaja Epyaxa, mke wa mfalme wa Kilikia, na inasemekana alimpa Cyrus fedha nyingi. Askari wakalipwa miezi minne. Mjini Tarso wakagoma: wamegundua wanapelekwa kupigana na Mfalme Mkuu mwenyewe. Clearchus, jemadari Mspartan, akasimama mbele yao akalia machozi. Machozi yalisaidia kidogo. Kilichomaliza mgomo ni Cyrus kupandisha ujira kutoka dariki moja, sarafu ya dhahabu ya Uajemi, kwa mwezi hadi dariki moja na nusu.

Wakafika uwanda wa Cunaxa, kaskazini ya Babeli. Ilikuwa mchana, na hapakuonekana adui. Alasiri likatokea vumbi kama wingu jeupe, halafu likageuka jeusi na kutanda bonde zima, kisha shaba ikaanza kumetameta. Xenophon anasema jeshi la Mfalme lilitajwa kuwa watu 1,200,000. Msimwamini. Hakuna aliyeweza kuwalisha watu hao hata juma moja, na kama nilivyosema, Waajemi walikuwa na makarani wa kuwaambia hivyo.

Cyrus alimwamuru Clearchus awapeleke Wagiriki katikati, alikokuwa Mfalme, maana huyo akianguka, mambo yamekwisha. Clearchus akakataa kuondoka kando ya mto Frati, uliokuwa ukiulinda ubavu wake wa kulia. Wagiriki wakaimba wimbo wao wa vita, wakakimbilia mbele, Waajemi waliokuwa mbele yao wakakimbia hata kabla mishale haijatua. Magari yenye miundu magurudumuni yakapita bila waendeshaji, Wagiriki waliyapisha. Na huku Wagiriki wakishangilia, Mfalme, ambaye mstari wake ulikuwa mrefu kupita ule wa Cyrus wote, akaanza kuzunguka kuwafunga kwa nyuma.

Cyrus akaona. Akatoka na wapanda farasi 600, akawavunja walinzi 6,000 waliokuwa mbele ya Mfalme, wapanda farasi wake wakatawanyika kuwafukuza, akabaki na wachache. Ndipo akamwona kaka yake. Akapiga kelele, "Ninamwona yule mtu!" akamrukia, akamchoma mkuki kifuani na kuipenya dirii. Ctesias, tabibu Mgiriki wa ikulu, anasema yeye ndiye aliyelitibu jeraha hilo. Saa hiyo hiyo mkuki wa kurushwa ukampata Cyrus chini ya jicho. Akaanguka. Walimkata kichwa na mkono wa kuume.

Wagiriki walirudi kambini wakiamini wameshinda. Kambi ilikuwa imeporwa, wakalala bila kula. Habari za kifo zikawafikia asubuhi. Wakachinja ng'ombe na punda wa mizigo, wakaokota mishale, ngao na magari yaliyotapakaa uwanjani, wakayafanya kuni.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana, nayapita haraka. Tissaphernes aliwaalika majemadari wao watano kwenye mazungumzo, akawakamata, wakauawa. Wengine wakachagua viongozi wapya, Xenophon akiwa mmoja wao, wakapanda milima ya Armenia katikati ya theluji, wakatokea Bahari Nyeusi. Walipohesabiwa Cerasus walikuwa 8,600. Ushujaa huo siupunguzi hata chembe. Lakini uzito wake umetiwa chumvi. Wagiriki nyumbani walisema: tazameni, dola ya Uajemi haina mlango. Mimi naona mfalme aliyekuwa amepata alichokitaka, maiti ya mdogo wake, na hakuona faida ya kupoteza watu kuwafukuza mamluki ambao hakuna tena wa kuwalipa.

Kisa cha mama sitakiacha, ingawa kinanuka udaku wa ikulu. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa baadaye, anasimulia kwamba Parysatis alicheza dadu na Mfalme mwanawe kwa dariki 1,000, akashindwa makusudi, akalipa, kisha akaomba warudie kwa dau la towashi mmoja. Safari hii akashinda, akamchagua Mesabates, yule aliyekikata kichwa na mkono wa Cyrus, akaamuru achunwe ngozi. Artaxerxes alikasirika. Mama akamcheka: mzee mzima unalia kwa ajili ya towashi mmoja, na mimi nimepoteza dariki elfu nikanyamaza?

Basi, Artaxerxes sasa ana deni la kuwalipa Waspartan. Wao ndio waliompa Cyrus merikebu na askari 700, na sasa wamevuka kwenda Asia kujifanya wakombozi wa miji ya Kigiriki. Mwaka 396 akaja mfalme wao Agesilaus, kilema wa mguu mmoja na mpiganaji hodari. Mwaka uliofuata aliwapiga wapanda farasi wa Waajemi karibu na Sardis, na Tissaphernes akalipia kwa kichwa chake, kwa amri ya Mfalme. Agesilaus akaanza kuota kwenda bara, mbali na pwani.

Hapo angetazamiwa mfalme kama Xerxes akusanye mataifa. Artaxerxes, kupitia kwa maliwali wake, alimtuma mtu mmoja. Timocrates wa Rhodes alivuka bahari akiwa na dhahabu yenye thamani ya talanta 50 za fedha, akapita Thebes, Korintho na Argos, akawapa wakubwa wa miji hiyo. Si kwamba hawakuwa na chuki na Sparta kabla ya hapo. Walikuwa nayo tele, na fedha peke yake haiwezi kuanzisha vita mahali ambapo hapana kinyongo. Ila mwaka 395 vita vikawaka Ugiriki, na mwaka 394 Sparta ikamwita Agesilaus arudi nyumbani, ndoto yake ya bara ikafia hapo.

Dariki ya dhahabu ilikuwa na picha ya mfalme ameshika upinde. Agesilaus, kwa masimulizi ya Plutarch, aliondoka akisema Mfalme amemfukuza Asia kwa wapiga mishale 30,000. Mimi nilikaa nikaifanya hesabu hiyo. Kwa kiwango anachokitaja Xenophon, dariki 3,000 kwa talanta kumi, talanta 50 ni dariki 15,000 tu. Agesilaus alizidisha mara mbili. Namsamehe, mtu aliyeitwa nyumbani katikati ya ushindi ana haki ya kuongeza chumvi.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, merikebu za Mfalme ziliizamisha nguvu ya Sparta baharini karibu na Cnidus. Mmoja wa waliokuwa wakiziongoza ni Conon, Mwathens aliyeponyoka Aegospotami na merikebu chache na kukimbilia Kipro. Mwaka 393 Conon akarudi Athens na fedha za liwali Pharnabazus, na kwa fedha hizo kuta ndefu zikajengwa tena. Naomba hapa mnisikilize vizuri, hasa ninyi wanafunzi: kuta za Athens zilibomolewa mwaka 404 kwa fedha ya Uajemi, zikainuliwa miaka kumi na moja baadaye kwa fedha ya Uajemi. Huyu anayesemwa hajui kutawala alikuwa anaamua nani Ugiriki awe na ukuta.

Athens ilipopata nguvu ikaanza kuwasaidia watu wa Kipro waliomwasi Mfalme. Mfalme akageuka tena, safari hii kwa Sparta. Mjumbe wa Sparta, Antalcidas, akapanda Susa, akarudi na kibali, akaziba mlango wa bahari unaopitisha nafaka ya Athens. Njaa ikaonekana kwa mbali, na Athens ikataka mapatano. Wajumbe wa miji yote wakaitwa na liwali Tiribazus, akawaonyesha muhuri wa Mfalme kwenye barua, kisha akaisoma. Xenophon ameyahifadhi maneno yake. Mfalme Artaxerxes anaona ni haki miji ya Asia iwe yake, pamoja na Clazomenae na Kipro. Miji mingine ya Kigiriki, midogo na mikubwa, ijitawale, isipokuwa Lemnos, Imbros na Scyros ibaki ya Athens kama zamani. Na upande wowote usioikubali amani hii, mimi nitapigana nao pamoja na wale wanaoikubali, kwa nchi kavu na kwa bahari, kwa merikebu na kwa fedha.

Hakuna sentensi ya "tunapendekeza". Mwaka 386 waliapa. Hata Wathebes, waliotaka kuapa kwa niaba ya Boeotia nzima, jimbo lao, walilazimishwa na Agesilaus, ndiyo, huyo huyo, waiachie miji midogo ijitegemee kama barua ilivyosema. Sparta ikawa askari wa kulinda amri ya Mfalme. Na kipengele cha kujitawala, kinachosikika kizuri masikioni, ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote: kila mji peke yake, hakuna muungano wa kumtisha Sardis.

Sikuja kumtakasa Artaxerxes. Misri ilimtoka mwanzoni mwa utawala wake, na jeshi alilolituma kuirudisha mwaka 373 lilishindwa. Miaka ya 360 maliwali wa magharibi walimwasi mmoja baada ya mwingine. Mrithi wake, Darius, alikula njama ya kumwua, naye akamwua mwanawe. Nyumba yake haikujifunza chochote kutoka Cunaxa.

Swali ambalo najua mtaniuliza ni hili: kama sarafu ziliweza yote hayo, kwa nini hazikumzuia Alexander? Zilijaribiwa. Mwaka 333 maliwali wa Darius wa Tatu walimpa Agis, mfalme wa Sparta, talanta 30 na merikebu kumi aanzishe vita nyuma ya mgongo wa Alexander. Ni dawa ile ile. Lakini dawa hiyo ilihitaji miji miwili au mitatu iliyolingana nguvu na kuchukiana. Philip, baba yake Alexander, alikwisha kuivunja hali hiyo mwaka 338 alipowashinda Athens na Thebes pale Chaeronea, na machimbo yake ya dhahabu karibu na mlima Pangaion yalimpa zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka. Huwezi kumnunulia adui mtu wa namna hiyo kwa talanta 30.

Agis alipigana hata hivyo, akafa karibu na Megalopolis. Alexander aliposikia alisema, kwa dharau, kwamba wakati wao wanamshinda Darius, huko Arcadia kulikuwa na vita vya panya. Lakini kabla ya maneno hayo alikuwa amefika Susa na kuikuta hazina, pamoja na talanta 9,000 za dhahabu zilizopigwa chapa ya dariki. Na kutoka hapo Susa akamkabidhi mtu wake Menes talanta 3,000 azishushe pwani, ampelekee Antipater, aliyemwachia Makedonia, kiasi atakachohitaji kwa vita vyake na Sparta.